Kitabu cha safari na simu yako: namna ya kupanga safari ya Uganda ukitumia vyote viwili

Kila shule zikikaribia kufunga maswali yanakuwa yale yale. Binamu yuko Nairobi anataka kuleta watoto, rafiki wa Arua hajawahi kufika Kisoro anauliza siku ngapi zinatosha, mwingine yuko Mwanza anauliza kama hifadhi ya Kidepo kule kaskazini inafikika na gari ndogo. Na karibu wote wameanzia sehemu moja, wameandika "sehemu nzuri za kutembelea Uganda" kwenye simu wakaletewa orodha zinazofanana, gorila, hifadhi ya Murchison, chanzo cha Nile, basi. Sasa mimi napanga safari na kitabu cha karatasi mezani na simu pembeni, na naamini kabisa kila kimoja kina kazi yake. Simu inakujibu kile ulichouliza tu, kama hujui kwamba kitu kipo huwezi kukiuliza. Kitabu nacho kinakuonyesha nchi nzima, ila bei zake zimeshazeeka hata kabla hujakinunua. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kuvitumia pamoja, na kwa mpangilio, maana mpangilio ndio watu wengi wanaukosea.

Hatua ya 1: Pata kitabu, halafu ujue umri wake

Kitabu kipya kwa Kampala utakipata Aristoc pale Kampala Road, huwa wana rafu ya vitabu vya safari. Ni ghali, tuseme ukweli, kwa hiyo wengi tunanunua vya mtumba kwa wale wanaopanga vitabu kando ya barabara mjini, au tunaazima kwa mtu aliyeachiwa na mgeni wake. Vya wachapishaji Bradt na Lonely Planet ndio vinaonekana sana. Kama safari yako ni ya Uganda tu tafuta cha Uganda peke yake, kile cha Afrika Mashariki nzima kinalazimika kubana, sehemu kama Kumi au Hoima zinapata mistari miwili au zinarukwa kabisa.

Sasa umri. Fungua kurasa za mbele uangalie mwaka wa kuchapwa, halafu ujue kwamba mwandishi alizunguka kukusanya habari kabla ya huo mwaka, kitabu kinachukua muda mpaka kifike dukani. Na kama ni cha mtumba na kurasa za mbele zimechanika bado unaweza kukipima kwa yaliyomo ndani, mimi nafanya hivi kila nikishika kitabu nisichokijua:

Angalia bei ya pamiti ya gorila, yaani kibali cha kwenda kuwaona, kwa mgeni wa nje. Kikisema dola 600 ni cha kabla ya Julai 2020. Kikisema 700 ni cha kati ya hapo na katikati ya 2024. Kikisema 800 basi hicho ni kipya, hiyo bei imeanza Julai 2024.

Angalia Jinja. Kama kinakuambia uende kutazama maporomoko ya Bujagali na kupiga kambi pale, hicho ni cha zamani sana, maporomoko yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa 2012, na bwawa la Isimba la 2019 likafunika mengine chini zaidi. Kama hakilijui daraja jipya la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018 basi ni cha kabla ya hapo.

Angalia Murchison. Kama kinakupa ratiba ya feri ya kuvuka Nile pale Paraa na kukuonya usichelewe ya mwisho, kumbuka siku hizi pale pana daraja, unavuka na gari lako. Na angalia makaburi ya Kasubi, yale ya wafalme wa Buganda pale Kampala, yaliungua Machi 2010, UNESCO wakayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini na wakayatoa 2023, kwa hiyo maelezo ya kitabu yanakuonyesha mwandishi alipita pale kipindi gani.

Ukigundua kitabu ni cha zamani usikitupe wala usikidharau. Mlima Elgon uko pale pale, na kilele cha Wagagai bado ni mita 4,321, historia ya Bunyoro haijabadilika, barabara ya Fort Portal bado inapita kwenye mashamba yale yale ya chai. Kitabu cha miaka kumi ni kizuri kabisa kwa kusoma nchi. Kwa kupanga pesa hakifai hata kidogo.

Hatua ya 2: Soma kitabu kwanza, simu iwe mbali

Hii hatua watu wanairuka na ndio ninayoipenda kuliko zote. Chukua jioni mbili tatu, shika penseli, anza na ramani ya mbele, fuata barabara kwa kidole kutoka unapoanzia mpaka unapotaka kwenda, halafu usome kila kilichoandikwa kuhusu miji na vituo vya katikati.

Nikupe mfano. Mtu anasema naenda Ziwa Bunyonyi kutoka Kampala. Simu itampa mstari wa bluu na masaa, imeisha hiyo. Kitabu kitamwambia kwenye barabara ile ile atavuka ikweta pale Kayabwe, atapita kando ya hifadhi ya Ziwa Mburo iliyo katikati ya Masaka na Mbarara yenye punda milia na pofu na ambako unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, atapita Igongo karibu na Mbarara ambako pana jumba la makumbusho la watu wa Ankole. Hapo safari ya siku moja ya kukaa kwenye gari mpaka mgongo uume imekuwa safari ya siku mbili yenye maana, na pesa iliyoongezeka siyo nyingi.

Vile vile mashariki. Wote wanayajua maporomoko ya Sipi. Wangapi wanajua Nyero pale Kumi, michoro ya kale kwenye miamba, iko njiani ukielekea Soroti? Na kaskazini, ngome ya Patiko karibu na Gulu ambayo Mwingereza Samuel Baker aliiteka kutoka kwa wafanyabiashara ya utumwa na kuijenga upya 1872, mahali pa kuchukua watoto na kuwaeleza biashara ile ilifika mpaka wapi. Magharibi kuna chemchemi za maji moto Sempaya ndani ya hifadhi ya Semuliki, na mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru karibu na Fort Portal. Hivi vyote vipo mtandaoni pia, ila mpaka ulijue jina kwanza ndio uvitafute, na hilo jina unalipata kwenye kitabu.

Weka alama ya penseli kwa kila kinachokugusa, usijali kama muda utatosha au hautatosha, kupunguza kutakuja baadaye. Na soma sura ya hali ya hewa. Kusini na magharibi mvua kubwa ni Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, kaskazini ni tofauti, kule msimu wa mvua ni mmoja mrefu kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba na kiangazi ni kikali. Hii peke yake inaweza kukuamulia kama uende Kidepo au msitu wa gorila wa Bwindi mwezi huo.

Kitu kingine ukisoma, hivi vitabu vingi vimeandikwa kwa mtu anayetoka Ulaya au Marekani. Sura ya "maisha ya wenyeji" waweza kuiruka, na ile ya kukuonya usipande bodaboda pia utaisoma kwa akili yako. Ila muhimu zaidi usikatishwe tamaa na bei. Nimeona Waganda na Wakenya wakifunga kitabu wakisema hii nchi ni ya wazungu, kumbe bei waliyoiona siyo yao kabisa. Twende hapo sasa.

Hatua ya 3: Gawa maswali yako kwa mafungu mawili

Chukua daftari, upande mmoja andika vitu ambavyo havibadiliki au vinabadilika polepole: umbali, mwinuko, misimu, historia, mahali penyewe palipo. Hivyo mwachie kitabu. Upande wa pili andika vinavyobadilika: bei, hali ya barabara, gesti ipi bado ipo, basi linatoka wapi, namba za simu, viza na karatasi za mpakani. Hivyo ni vya mtandao na vya kupiga simu.

Kuna kafungu ka katikati kanakosumbua, mipaka ya wilaya na majina. Uganda imegawa wilaya nyingi mpya, kwa mfano Rubanda ilitolewa Kabale 2016, kwa hiyo kitabu kinasema Ruhija, kituo kimoja cha kuanzia safari ya gorila, iko Kabale na mtandao unasema Rubanda, wote wanaongelea sehemu ile ile. Fort Portal, Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Arua na Masaka nazo zimekuwa majiji tangu 2020, kitabu cha zamani kitaziita miji tu. Usichanganyikiwe, andika majina yote mawili kwenye daftari, yatakusaidia ukitafuta.

Hatua ya 4: Ingia mtandaoni, na uanze na wenye mali

Ukishakuwa na orodha yako ndio ununue bando. Anza na wale wenye neno la mwisho, kabla ya wale wanaosimulia.

Kwa hifadhi zote ni UWA, mamlaka ya wanyamapori. Wao huchapisha jedwali la bei kwa kipindi fulani, na ndani yake kuna safu tofauti: mgeni wa nje, mgeni anayeishi hapa, mtu wa nchi nyingine za Afrika, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soma safu yako! Pamiti ya gorila ambayo mgeni wa nje analipa dola 800, raia wa Jumuiya analipa shilingi 300,000 za Uganda. Hiyo ndiyo tofauti ya ndoto na safari ya kweli. Utahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti kuthibitisha, na majina yafanane na yale uliyobukia. Na hata hizi bei nilizoandika hapa zihakikishe kwenye jedwali lao la sasa kabla hujapanga pesa, mimi naandika leo, wewe unasoma siku nyingine.

Kwa mpakani, Mkenya na Mnyarwanda wanavuka na kitambulisho cha taifa, Mtanzania aje na pasipoti yake. Kama una mgeni wa nje anayetaka kuzunguka Uganda, Kenya na Rwanda kuna viza moja ya pamoja ya dola 100 inayokaa siku 90, kabla hajaomba ya Uganda peke yake fanyeni hesabu. Na cheti cha homa ya manjano, hicho kila mtu awe nacho.

Baada ya hapo ndio hali ya barabara. Hapa kitabu hakiwezi kukusaidia kabisa na hapa mtandao unalipa kila shilingi ya bando. Mei 2023 barabara ya Masaka ilikatika pale Katonga, magari ya kwenda magharibi yote yakawa yanazungushwa kupitia Gomba na Sembabule. Septemba 2024 daraja la Karuma likafungwa kwa miezi mitatu kukarabatiwa, watu wa Gulu na Arua wakazungushwa, wengine Masindi na Paraa, wengine Soroti na Lira. Mtu aliyepanga kwa kitabu tu siku hizo alifika usiku wa manane. Matangazo kama haya zamani yalitoka kwa mamlaka ya barabara UNRA, sasa kazi zake zimerudi wizara ya ujenzi na uchukuzi, kwa hiyo angalia kurasa za wizara na redio na magazeti, hasa msimu wa mvua, hasa siku tatu za mwisho kabla ya kuondoka.

Halafu sasa riviu, yaani maoni ya wageni waliotangulia, na video. Zitumie, ila kwa masharti. Zipange kuanzia mpya, usiangalie nyota za jumla, gesti yenye nyota nne na nusu inaweza kuwa ilizipata kwa mwenye nyumba aliyeshauza. Soma tatu nne za miezi sita ya karibuni. Tazama picha walizopiga wageni wenyewe, za mwenye loji zilipigwa siku ya uzinduzi. Ukitafuta, andika na mwaka, "barabara ya Kisoro Nkuringo" na mwaka unaotaka, la sivyo utaletewa habari za zamani zilizovaa nguo mpya. Na video za watu wa kawaida waliopita na gari lao, zile ambazo hazina muziki mzuri wala droni, hizo ndizo zinakuonyesha matope yenyewe.

Jambo la hapa kwetu ambalo mgeni halijui: Facebook imezuiwa Uganda tangu uchaguzi wa Januari 2021. Gesti nyingi ndogo hazina tovuti, zina ukurasa wa Facebook tu uliofunguliwa zamani. Ukiwa Nairobi au Dar utaufungua vizuri ukidhani una mawasiliano nao, kumbe mwenyewe huku hauingii mpaka awashe VPN, programu ya kupita kizuizi, meseji yako inakaa wiki nzima. Kwa hiyo ukurasa wa Facebook uutumie kupata namba ya simu, basi, halafu uende WhatsApp.

Hatua ya 5: Linganisha ramani ya karatasi na ya simu

Hii naomba msiipite haraka, maana hapa ndipo safari nyingi za gorila zinaharibika.

Bwindi siyo sehemu moja. Kuna vituo vinne vya kuanzia: Buhoma upande wa kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Pamiti yako inaandikwa kituo, huwezi kuamka ukaenda chochote unachotaka. Sasa mtu anaandika "Bwindi" kwenye simu, alama inaangukia katikati ya msitu, anaona loji nzuri "iko kilomita chache", anabuku. Loji iko Buhoma, pamiti ni ya Rushaga. Kwenye ramani zinaonekana majirani, lakini kati yao kuna msitu na milima, gari linazunguka nje kwa masaa kadhaa. Buhoma na Nkuringo hata zina njia ya kutembea kwa miguu kupita ndani ya msitu ukiwa na muongozaji, kwa miguu unafika siku hiyo hiyo, kwa gari ni mzunguko mrefu wa barabara za vumbi. Na maelezo ya asubuhi kabla ya kuingia msituni huanza kama saa mbili, ukichelewa hakuna anayekusubiri, kundi moja la gorila linatembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku kwa saa moja tu.

Ramani ya kitabu inaonyesha hivi vituo vinne na barabara ya kufikia kila kimoja, Buhoma wengi wanafika kwa kupitia Rukungiri na Kanungu, Rushaga kwa kupitia Kabale. Kwa hiyo utaratibu uwe: chagua kituo kwenye kitabu, hakikisha nafasi ya pamiti UWA, lipia pamiti, halafu ndio utafute pa kulala kwenye kituo hicho hicho. Ukibadilisha huu mpangilio utalia. Na kama una watoto, wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwa gorila, usiwaahidi.

Masaa ya simu nayo yatilie shaka. Programu ya ramani inahesabu vizuri kwenye lami, ila kwenye barabara ya vumbi ya milimani wakati wa mvua inakuwa na matumaini mengi mno. Kitabu mara nyingi kinakupa masaa ambayo mwandishi aliyaendesha kweli, linganisha, ukikuta simu inasema matatu na kitabu kinasema matano panga matano. Ila kuna sehemu ni kinyume, lami imeshafika baada ya kitabu kuchapwa na safari imekuwa fupi, ndio maana nasema linganisha na usimwamini mmoja. Wakitofautiana sana, hapo ni pa kupiga simu.

Kwa wanaotaka kupanda milima au kutembea vijijini, kuna ramani za serikali za kipimo cha 1 kwa 50,000 zinauzwa ofisi za upimaji na ramani pale Entebbe. Barabara zake ni za zamani lakini mabonde, mito na vilima viko vizuri kuliko ramani yoyote ya simu.

Hatua ya 6: Piga simu

Kitabu kimekuonyesha, mtandao umekupa cha leo, sasa ongea na binadamu. Namba ya kwenye kitabu yawezekana imekufa, tafuta mpya mtandaoni, ukipiga anza na salamu za kutosha, usiingie na "bei gani" kabla hata hujamjulia mtu hali, huku hatuongei hivyo na utapewa bei ya mgeni. Wengi mapokezi wanajua Kiswahili kidogo, sehemu za mpakani na kaskazini wanajua vizuri, jaribu tu.

Uliza hivi: bei ya raia ni ngapi na ni kwa chumba au kwa mtu, kifungua kinywa kimo? Umeme ni wa gridi au sola, simu nitachaji saa ngapi? Gari dogo linafika mpaka mlangoni au naliacha wapi? Mvua imenyesha wiki hii? Kuna chakula usiku au nifike nimekula? Na kutoka kwenu mpaka geti la hifadhi ni dakika ngapi kwa gari, wakisema "hapa tu" uliza tena.

Kwenye malipo ya awali kuwa makini. Ukituma kwa simu jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha, lisipofanana na la gesti au la mtu uliyeongea naye simama hapo hapo uulize. Pamiti usimtumie mtu usiyemjua hela yake, lipia UWA wenyewe kwenye mfumo wao au ofisini kwao Kira Road pale Kamwokya, au kupitia kampuni ya utalii yenye leseni ambayo itakutumia nakala yenye jina lako na tarehe na kituo.

Na saa! Ukiongea na konda au mtu wa basi kuhusu muda wa kuondoka, hesabu yetu ndiyo yao, saa moja ni alfajiri imeisha kukicha. Kitabu na tiketi ya mtandaoni vitaandika 7. Andika kwenye daftari kwa namna moja tu, usichanganye.

Hatua ya 7: Jitayarishe kwa sehemu isiyo na mtandao

Kidepo, ndani ya Bwindi, bonde la Semuliki, mtandao unakuja na kupotea. Kabla hujatoka Kampala pakua ramani za oflaini za eneo zima. Google Maps inakubali, na kuna Organic Maps inayotumia ramani za OpenStreetMap, hii ina njia nyingi za miguu ambazo ile nyingine haina. Piga skrinshoti za pamiti, za meseji za kubuku, za namba zote. Halafu piga picha kurasa za kitabu unazohitaji, hasa ramani za miji, ili ukiwa kwenye teksi umebanwa usitoe kitabu, unatazama simu kama kila mtu.

Kitabu chenyewe beba. Betri ikiisha Kaabong saa mbili usiku kitabu bado kinasomeka kwa tochi ya mtu, na ukitaka kumwonyesha dereva unakokwenda ni rahisi zaidi kufunua ukurasa na kuweka kidole kuliko kumpa simu yenye kioo kilichopasuka. Funga na mfuko wa plastiki, mvua za Kisoro hazina hodi.

Karibu na mipaka, Kisoro, Busia, Malaba, Mutukula, simu inaweza kurukia mnara wa nchi jirani na salio likayeyuka. Ingia kwenye mipangilio uchague mtandao wako mwenyewe kwa mkono, uzime data ya ugenini.

Hatua ya 8: Ukiwa njiani, andika ndani ya kitabu

Kila ukilipa kitu, andika pembeni ya ukurasa kwa penseli bei, tarehe na neno moja, "safi", "kelele", "wamehama". Nauli ya kutoka Kabale mpaka Kisoro, geti lililofungwa, jina jipya la gesti. Kitabu cha miaka kumi chenye maandishi ya watu watatu waliopita nacho kina thamani kuliko kipya kisichoguswa, na hapa Uganda vitabu hivi vinazunguka mikono mingi, atakayekishika baada yako atakushukuru.

Ukirudi na una bando, tumia nusu saa kurekebisha na upande wa mtandao: alama ya gesti iliyowekwa pasipo pake iripoti kwenye ramani, andika riviu yenye mwezi na mwaka na bei uliyolipa kama raia, maana riviu nyingi zilizopo zimeandikwa na watu waliolipa dola na Mwafrika mwenzako hazimsaidii. Na wachapishaji wa vitabu huweka anwani ya barua pepe kurasa za mwanzo ya kupokea masahihisho ya wasomaji, waandikie, kwa Kiingereza kifupi tu, ukurasa gani, kimebadilika nini, lini uliona.